Mwongozo Kamili wa Kuitambua Michakato Inayoendesha Prosesa Wakati Kompyuta Imepumzika

Katika maduka ya steshenari ya Darajani na Mwanakwerekwe, na vile vile katika ofisi za Chake Chake na Wete, malalamiko yanayomfikia fundi mara kwa mara si ya kompyuta iliyokataa kuwaka, bali ya kompyuta ambayo mwenyewe ameiacha bila ya kuigusa na feni yake ikaendelea kuvuma. Mwenye mashine hufungua Task Manager, huona orodha ndefu ya majina asiyowahi kuyasikia, na hapo hufanya moja kati ya mawili: ama huanza kuyafunga majina yanayomtisha hadi kompyuta ikazimika yenyewe, au hukata shauri kwamba imeingia virusi na kuomba ifutwe yote na kuwekwa Windows upya. Yote mawili ni pupa.

Mwongozo huu, ulioandikwa kwa ajili ya Windows 10 na Windows 11, unafuata njia nyingine. Kila mchakato (yaani programu, au sehemu yake, inayoendeshwa wakati huo) unaotiliwa shaka huulizwa mambo manne: faili lake limo katika folda gani, umeanzishwa na nani, hufanya kazi wakati gani, na umekwisha kutumia muda kiasi gani wa prosesa, ile chipu inayofanya kazi za kompyuta. Jina lake, pamoja na asilimia inayoonekana dakika hiyo, ni ushahidi dhaifu. Jina huigizwa kwa urahisi, na asilimia hubadilika kabla hujamaliza kuisoma.

Maana ya prosesa kupumzika

Jina linalowatisha watu wengi kuliko yote ndilo lisilo na hatia hata kidogo. Ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka. Nenda kwenye sehemu iliyoandikwa Details, nawe utaona System Idle Process, yenye namba ya utambulisho 0, ikiwa na 90 au zaidi kwenye safu ya CPU. Hiyo si programu inayokula prosesa. Ni hesabu ya muda ambao prosesa haina la kufanya, na katika muda huo hupewa amri ya kusimama na kupunguza matumizi ya umeme mpaka ijiliwe na kazi nyingine. Ikisoma 95, maana yake ni kwamba zinazotumika ni 5 tu. Ikisoma 40 na wewe hukufungua chochote, hapo ndipo pa kuuliza 60 zilizobaki zimekwenda wapi.

Kompyuta ya miaka ya karibuni, ikiwa imeshamaliza kuwaka na hakuna programu iliyofunguliwa, kwa kawaida hukaa kati ya asilimia 0 na 5, ikiruka juu mara moja moja na kushuka. Laptopu ya mtumba yenye prosesa ya zamani inaweza kukaa kwenye 10 na isiwe na kasoro yoyote. Mruko wa sekunde mbili si wa kuusumbukia. Linalotakiwa kuangaliwa ni kiwango kinachoganda.

Kuna kuganda kwa aina moja kunakosema mengi. Katika sehemu ya Performance, bofya CPU na usome idadi iliyoandikwa Logical processors, kisha ugawe 100 kwa idadi hiyo. Kama idadi ni 2, jawabu ni 50. Kama ni 4, ni 25. Kama ni 8, ni 12.5. Mchakato mmoja unapokaa kwenye jawabu hilo hilo, haupandi wala haushuki, aghlabu kuna sehemu moja ya programu iliyoingia katika mzunguko usio na mwisho, ikajaza nafasi moja ya prosesa na kushindwa kutoka. Huo mara nyingi ni ubovu, si uhalifu. Mfano unaofaa kwa wenye steshenari ni spoolsv.exe, mchakato unaoshughulikia foleni ya kuchapisha, ambao huweza kuganda namna hiyo pale kazi moja iliyoharibika inapokwama mbele ya foleni. Fungua Services, isimamishe huduma ya Print Spooler, futa mafaili yaliyomo ndani ya folda ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, kisha uiwashe huduma tena. Folda yenyewe usiifute.

Kazi za saa nane usiku zinazofanyika mchana

Windows ina utaratibu wa matengenezo ya kila siku unaoitwa Automatic Maintenance, ambao umepangwa uanze saa 8 usiku, yaani 2:00 AM katika saa ya kompyuta. Wakati huo hushughulikiwa masasisho, ukaguzi wa usalama na upangaji wa diski, kwa dhana kwamba mashine imeachwa imewashwa na mwenyewe amelala. Ikiwa saa hiyo kompyuta imezimwa, kazi hizo hazifutwi. Husubiri mpaka mashine iwashwe na iachwe kwa muda bila ya kuguswa.

Tuitazame sasa kompyuta ya duka la Chake Chake, inayowashwa saa 2 asubuhi na kuzimwa saa 12 jioni pamoja na swichi ya ukutani. Kompyuta hiyo haijapata kuiona saa 8 usiku ikiwa macho. Matengenezo yake yote yanangojea mchana, na mchana nafasi hupatikana mara moja: mwenye duka anakwenda kuswali Adhuhuri, mausi haiguswi, Windows inaona wakati wake umefika na kuanza kazi. Akirudi anakuta feni inavuma. Anagusa mausi, kazi inasita, asilimia zinashuka zote kwa pamoja, naye anabaki na yakini kwamba kuna kitu kinachojificha kila anapotokea. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya hofu za michakato isiyojulikana katika maduka yetu inatokana na jambo hili moja, na hakuna antivairasi itakayoliondoa kwa sababu si ugonjwa.

Kuizima huduma hiyo si dawa. Dawa ni kuipa wakati wake. Fungua Control Panel, uingie Security and Maintenance, ufungue sehemu ya Maintenance na ubofye Change maintenance settings, kisha uchague saa ambayo duka limefungwa lakini umeme haujazimwa; wanaofunga mchana wanaweza kuweka 1:00 PM, ambayo ni saa 7. Anayeweza kuiacha mashine ikiwaka usiku mmoja kwa wiki, pahali penye hewa na chini ya ulinzi wa UPS (betri ya akiba umeme unapokatika), atakuwa amelimaliza suala hili.

Kupima kwa utaratibu

Kabla ya kumtuhumu yeyote, pima. Anza kwa kuchagua Restart, si Shut down, kwa sababu tangu Windows 8 kuzima kwa kawaida hakuanzi kila kitu upya: kama Fast Startup imewashwa, sehemu ya ndani ya mfumo huhifadhiwa kwenye diski na kurejeshwa kama ilivyokuwa. Ndiyo maana mtu huambiwa na Task Manager kwamba mashine aliyoizima jana imekuwa macho kwa siku kadhaa.

Baada ya kuwaka, ingiza chaja, weka mpangilio wa umeme ili kompyuta isilale yenyewe, funga programu zote ulizozifungua na usubiri kama robo saa, kwani dakika za mwanzo ni za msongamano hata kwa mashine nzima. Halafu fungua Details katika Task Manager, bofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya kichwa cha safu yoyote, chagua Select columns, na utie alama kwenye CPU time, Image path name na Command line. Safu hizi tatu ndizo zinazojibu karibu maswali yetu yote, na inasikitisha kwamba Windows huzificha mpaka uzitafute mwenyewe. Usiihukumu orodha kwa kile unachokiona papo hapo, kwa kuwa hata Task Manager yenyewe hutumia prosesa inapofunguliwa. Ifunge, uiache mashine kwa saa nzima, urudi, na ubofye kichwa cha CPU time ili waliotumia muda mwingi wapande juu.

Hapa pana hesabu ndogo ambayo watu wengi hawaijui. Tuseme kompyuta ina Logical processors 4, na Up time katika sehemu ya Performance inasoma saa moja tangu ulipofanya Restart. Saa moja mara nne ni saa nne za kazi zilizokuwa mikononi mwa prosesa. Mashine iliyopumzika kweli kweli itaonyesha kwamba System Idle Process imechukua karibu yote, kwa mfano 3:45:00, na robo saa iliyobaki imegawanyika kwa michakato mingine. Ikiwa System Idle Process imechukua 1:15:00 tu, basi saa mbili na dakika 45 zimetumiwa na mtu, na mtu huyo lazima aonekane kwenye orodha. Zijumlishe zile zilizo juu. Zikilingana, umempata. Zisipolingana hata kidogo, kuna mchakato uliofanya kazi na kujifunga kabla hujafungua orodha.

Kujifunga pekee si hatia, maana kisakinishi cha masasisho nacho hufunga kikishamaliza. Rudia kipimo siku ya pili, kisha ukirudie intaneti ikiwa imekatwa. Kazi halali itakuwa imekwisha na haitarudi kwa ukubwa ule ule. Mchakato unaorudi kila siku, ukatulia kila mtandao unapokatwa na kutoweka kila Task Manager inapofunguliwa, una jambo.

Majina yatakayokutana nawe

MsMpEng.exe, unaoonekana pia kwa jina la Antimalware Service Executable, ni Microsoft Defender. Hupanda mashine inapopumzika kwa sababu ndipo inapofanya ukaguzi, na ukaguzi uliopangwa kwa wakati wa mapumziko huachiwa utumie prosesa kwa wingi. Kwa ukaguzi mwingine kikomo cha kawaida ni wastani wa asilimia 50, na mwenye mashine dhaifu anaweza kukipunguza kwa kufungua PowerShell kama msimamizi na kuandika Set-MpPreference -ScanAvgCPULoadFactor 20. Sishauri kuizima kabisa, hasa katika duka ambalo flashi za wateja zinaingia na kutoka mchana kutwa.

TiWorker.exe na TrustedInstaller.exe husakinisha masasisho ya Windows. Kwenye diski ya zamani inayozunguka kazi yao inaweza kuchukua muda mrefu, na umeme ukikatika katikati kompyuta itakapowaka huenda ikaanza kuyarudisha nyuma yale iliyokwisha kuyafanya. Waache wamalize. SearchIndexer.exe huandika faharasa ya mafaili ili utafutaji uwe wa haraka, na hushughulika sana baada ya kunakili maelfu ya picha au mafaili ya skuli kutoka diski ya nje. CompatTelRunner.exe hukusanya taarifa za upatanifu na kuzipeleka Microsoft; ni halali, ingawa mwenye bando dogo ana haki ya kuuchukia. dwm.exe huchora madirisha unayoyaona kwenye skrini.

System interrupts si mchakato wa kweli bali ni jumla ya muda ambao vifaa huidai prosesa iviangalie. Kwa kawaida hauvuki asilimia 1 au 2. Ukikaa juu ya 10, usitafute virusi; tafuta draiva mbovu (programu inayokiendesha kifaa) au kifaa kibovu, na namna nyepesi ya kukipata ni kuchomoa kimoja kimoja vile vya USB, ukianza na vile vya bei rahisi, huku ukiitazama asilimia.

csrss.exe, wininit.exe, winlogon.exe, services.exe, smss.exe na lsass.exe ni nguzo za mfumo na haziguswi. Ukiifunga csrss.exe kwa nguvu skrini itageuka ya buluu na kompyuta kuanza upya, na kazi ya mteja ambayo haikuhifadhiwa itapotea.

Msururu wa majina ya chrome.exe nao huwashangaza watu, ilhali kila kichupo na kila kiongezi hupewa mchakato wake. Ukiwa ndani ya Chrome, bonyeza Shift na Esc, nawe utaoneshwa kichupo kipi au kiongezi kipi ndicho kinachokula. Kama Chrome inaendelea kuwapo baada ya kuifunga, ingia kwenye mipangilio yake, sehemu ya System, na uzime ruhusa ya kuendesha programu za nyuma.

svchost.exe na kuisoma amri yake

Jina hili linastahili kupewa nafasi yake, kwa kuwa ndilo linaloonekana mara nyingi zaidi na ndilo linaloigizwa zaidi. svchost.exe ni mchakato unaobeba huduma za Windows. Zamani mmoja ulibeba huduma nyingi kwa pamoja, lakini kuanzia toleo la 1703 la Windows 10, lililotoka 2017, kompyuta zenye kumbukumbu (RAM) ya zaidi ya GB 3.5 huzitenganisha huduma nyingi ili kila moja iwe na svchost yake. Kwa hiyo kuona svchost 60 au 70 ni kawaida, na wingi wao si dalili ya chochote.

Isome safu ya Command line. Svchost ya kweli itaonekana mithili ya hivi:

C:\Windows\System32\svchost.exe -k netsvcs -p -s wuauserv

Baada ya herufi k huja jina la kundi, na baada ya s huja jina la huduma yenyewe. Hapa huduma ni wuauserv, yaani Windows Update, hivyo swali lako limeshajibiwa: kompyuta inashughulikia masasisho. Ukikuta DoSvc, hiyo ni Delivery Optimization, ambayo hupakua masasisho na inaweza pia kuyagawa kwa kompyuta nyingine; kwa anayetumia bando la simu, ingia kwenye mipangilio ya Windows Update uzime ruhusa ya kushirikiana na kompyuta nyingine, na uuweke mtandao wako kuwa Metered connection.

Sasa linganisha na hii:

C:\Users\ofisi\AppData\Roaming\svchost.exe

Haimo ndani ya System32, haina k wala s, na inakaa kwenye folda ambayo programu yoyote inaweza kuandika bila ya kuomba ruhusa ya msimamizi. Hakuna udhuru unaoweza kuiokoa. Svchost halali huanzishwa na services.exe na faili lake hukaa System32, au SysWOW64 kwenye Windows ya biti 64. Kwa kipimo hicho hicho, lsass.exe hukaa System32, na wahalifu huiigiza kwa kuandika i kubwa pahali pa l ndogo, ambazo kwenye skrini hufanana kabisa; explorer.exe, kinyume chake, makazi yake ni C:\Windows, na mwenye kudhani kwamba kila kilicho halali lazima kiwe System32 ataituhumu bure.

Kukagua saini na chanzo

Jina ambalo hukulikuta hapo juu lifanyie ukaguzi wa saini. Bofya mchakato kwa kitufe cha kulia, chagua Open file location, fungua Properties za faili, na utafute sehemu ya Digital Signatures. Tahadhari ni kwamba mafaili mengi ya Windows yenyewe hayana sehemu hiyo, kwa kuwa saini zao zimehifadhiwa kwa pamoja katika katalogi ya mfumo; kukosekana kwake ndani ya System32 hakuthibitishi kitu.

Kwa hiyo ni bora kutumia Process Explorer, programu ya bure kutoka Sysinternals. Mkusanyiko huo ulianzishwa na Mark Russinovich na Bryce Cogswell mwaka 1996 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2006, kwa hiyo upakue kutoka tovuti ya Microsoft peke yake. Process Explorer huipanga michakato kwa nasaba, mzazi juu na mtoto chini, na hapo swali la nani amemwanzisha nani hujibiwa kwa kutazama tu. Menyu ya Options ina Verify Image Signatures, inayosoma saini za katalogi pia, na ina uwezo wa kuulinganisha mchakato na VirusTotal, ambako antivairasi kadhaa wa kadhaa hutoa maoni. Faili likilaumiwa na moja au mbili kati ya 70 hivi, huenda ni kosa lao. Likilaumiwa na 40, usijadiliane nalo.

Mwenzake ni Autoruns, inayoonyesha kila kinachojianzisha kompyuta inapowaka: huduma, kazi zilizopangwa, folda ya Startup na sajili ya mfumo. Chagua Hide Microsoft Entries ili orodha ipungue, kisha ondoa alama kwenye kile unachokitilia shaka badala ya kukifuta. Ukikosea, unairudisha alama na maisha yanaendelea.

Flashi, na wscript.exe

Kisa hiki kila fundi wa Unguja na Pemba anakijua. Flashi inaingizwa, folda zote zimegeuka njia za mkato, na mtumiaji anabofya moja yao. Folda inafunguka kama kawaida, kwa hiyo hashtuki, lakini pamoja nayo imeanzishwa skripti. Kwenye Details utaona wscript.exe, na Command line yake itakuwa kama hivi:

wscript.exe //B "C:\Users\ofisi\AppData\Roaming\helper.vbs"

Jina la faili hubadilika. wscript.exe yenyewe ni ya Microsoft na ina saini safi, na hapo ndipo wanapokwama wanaokagua saini peke yake: kilicho kibaya si mwendeshaji bali ni faili lililotajwa ndani ya alama za kunukuu. Alama ya //B inaiambia inyamaze, isioneshe ujumbe wa kosa.

Usafishe kwa mpangilio huu na usiupindue. Kompyuta huja kwanza: funga wscript.exe, futa faili la vbs lililotajwa, ondoa alama yake ndani ya Autoruns, na uanze upya kuhakikisha kwamba halikurudi. Flashi huja baadaye. Ukianza nayo, kompyuta itaiambukiza tena kabla hujaitoa. Iingize bila ya kubofya chochote, fungua Command Prompt, na kama imepewa herufi E andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ili folda zilizofichwa zionekane. Futa njia za mkato na skripti zilizobaki, kisha uikague kwa Defender. Mteja mwambie wazi: mafaili yake hayakupotea, yalifichwa tu, na kompyuta aliyotoka nayo nyumbani au skuli bado ni mgonjwa.

Vivunja leseni, wachimbaji na mlango ulioachwa wazi

Kompyuta nyingi za mtumba huuzwa zikiwa zimewekewa Windows na Office zilizofunguliwa kwa programu za kuvunja leseni. Programu hizo huomba uzime antivairasi kabla ya kuziendesha, na baadhi yao hubeba mzigo wa pili, ikiwamo michakato ya kuchimba sarafu za kidijitali. XMRig, kwa mfano, ni programu halali ya kuchimba Monero kwa kutumia prosesa, lakini wahalifu huificha kwa jina jingine na kuiendesha kwenye mashine za watu. Wachimbaji wengine husubiri mausi itulie, na hujifunga Task Manager inapofunguliwa. Ndio wale wanaokamatwa kwa hesabu ya System Idle Process. Kabla ya kufanya lolote ingia Windows Security, uangalie sehemu ya Exclusions kama kuna folda iliyosamehewa ukaguzi bila ya wewe kujua, na uitoe kwenye orodha hiyo.

Angalia pia AnyDesk, TeamViewer na mfano wake. Hizi si virusi, na fundi huzitumia kwa nia njema kukusaidia akiwa mbali, ila ikiwa imesakinishwa kama huduma na kuwekewa nywila ya kudumu, aliyekutengenezea kompyuta mwaka jana anaweza kuingia leo bila ya kubisha hodi. Muulize kwa heshima. Kama haihitajiki tena, iondoe.

Kwa uondoaji wenyewe, sasisha Defender, kisha chagua Microsoft Defender Offline scan kwenye Scan options. Kompyuta itajiwasha upya na kukagua diski kabla ya Windows yenyewe kuanza, mahali ambapo mchakato mwovu hauna nafasi ya kujitetea. Shughuli hiyo huchukua kama robo saa. Ikiwa kimepatikana kitu cha kuiba nywila, badilisha nywila zako ukitumia kifaa kingine, kwa kuanzia na barua pepe.

Prosesa isiyo na kosa

Wakati mwingine asilimia ni kubwa kwa sababu prosesa imepunguzwa kasi. Katika Performance, linganisha Speed na Base speed. Mashine yenye Base speed ya GHz 2.4 inayoganda kwenye GHz 0.4 hivi hata inapopewa kazi imebanwa, na kazi ndogo ya kawaida itaonekana kuijaza. Sababu moja ni joto: vumbi kwenye feni, dawa ya joto iliyokauka, chumba cha bati miezi ya kaskazi. Nyingine ni chaja. Baadhi ya laptopu, zikiwamo nyingi za Dell, huitambua chaja yake kupitia waya mdogo wa ndani ya plagi. Chaja ya kuigiza au waya uliokatika husababisha mashine ikatae kuchaji betri na kupunguza kasi kwa kujihami. Azima chaja ya asili, uangalie namba ikipanda.

Ikiwa prosesa iko chini lakini mashine inaburuza na Disk inasoma 100, tatizo ni diski, na SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) itasaidia kuliko usafishaji wowote.

Baada ya yote haya, ikiwa mchakato umeondolewa na kurudi mara mbili, acha kupigana nao. Nakili nyaraka, picha na mafaili ya kazi peke yake, usinakili faili lolote la exe, vbs, bat wala lnk, kisha weka Windows upya kwa faili lililopakuliwa Microsoft. Msaada wa kawaida kwa Windows 10 ulimalizika tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo ikiwa mashine inakidhi masharti, weka Windows 11. Ikishawaka, kabla ya kuirejesha hata nyaraka moja, fanya kipimo cha saa nzima na uziandike kwenye daftari la duka namba za System Idle Process na majina matano ya juu, ili siku feni itakapovuma tena uwe na cha kulinganisha.